Fumbo la Mshahara Husomwa Kwanza

Chukua fumbo hili, la aina inayojaa katika vitabu vya hisabati vya sekondari. Mfanyakazi amefanya kazi wiki moja: saa 45 za kawaida na saa 6 za ziada. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Mwisho wa wiki amepokea shilingi 108,000. Je, saa moja ya kawaida inalipwa shilingi ngapi? Mwanafunzi mwenye haraka hujumlisha 45 na 6, akapata 51, akagawanya 108,000 kwa 51 na kuishia na shilingi 2,117 na senti zake. Mwingine, anayekumbuka kwamba aljebra inataka herufi, huandika 45x + 6x + 1.5 = 108,000 kisha akaanza kuhamisha namba huku na huku kwa ustadi. Ukikagua kazi za wote wawili, kujumlisha kuko sawa na kugawanya kuko sawa. Hakuna aliyekosea hesabu. Walichokosea ni kusoma, na hapo ndipo ninapotaka kusimama: mafumbo ya mshahara na saa huwashinda watu kwa sababu yanafundishwa kama kazi ya kukokotoa, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake ni kuiuliza kila namba swali moja, yaani wewe unahesabu nini?

Tuziulize namba za fumbo letu. 45 inahesabu saa. 6 nayo inahesabu saa, lakini saa zenye thamani nyingine, kwa hiyo kuzijumlisha na zile 45 ni sawa na kuhesabu noti za elfu tano na za elfu kumi kwa idadi ya karatasi. 108,000 inahesabu shilingi. Na 1.5 haihesabu shilingi wala saa: inasema tu kwamba kitu kimoja kinakizidi kingine mara ngapi, na namba ya namna hiyo haina mahali pa kusimama peke yake, sharti izidishe kitu. Aliyeandika “+ 1.5” amempa mfanyakazi shilingi moja na senti hamsini kuwa nyongeza ya jasho la saa sita. Sasa herufi. Wengi huandika “x ni mshahara”, na tayari wameshapotea, kwa kuwa mshahara unaweza kuwa wa saa, wa siku, wa wiki au wa mwezi. Andika kwa ukamilifu: x iwe idadi ya shilingi zinazolipwa kwa saa moja ya kawaida. Basi saa moja ya ziada ni 1.5x. Kabla ya kuandika mlinganyo, sema sentensi yake kwa maneno: malipo ya saa za kawaida, ukiongeza malipo ya saa za ziada, ndiyo malipo yote. Kila upande wa sentensi hiyo ni shilingi, na kila kipengele chake ni shilingi. Ndipo uandike 45x + 6(1.5x) = 108,000. Sita mara moja na nusu ni tisa, kwa hiyo 54x = 108,000, na x ni 2,000. Irudishe kwenye fumbo: saa 45 kwa shilingi 2,000 ni 90,000, saa 6 kwa shilingi 3,000 ni 18,000, na jumla ni 108,000 kamili. Angalia pia ile 54 ilivyotokea. Mfanyakazi amekaa kazini saa 51, lakini amelipwa kama mtu aliyefanya saa 54. Aliyegawanya kwa 51 alihesabu muda. Fumbo lilikuwa linauliza thamani.

Wazo hilo la kugeuza watu au saa zisizolingana kuwa sehemu zinazolingana ni la kale mno. Katika mafunjo ya Misri yanayoitwa ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo na ambayo sasa yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London, fumbo la 65 linataka mikate 100 igawiwe watu 10, ila watatu kati yao, yaani mwanamashua, msimamizi na bawabu, wapate maradufu. Misri ya wakati ule ujira ulilipwa kwa mikate na pombe, kwa hiyo hili lilikuwa swali la ofisi ya mishahara hasa. Njia ya kulitatua ni kuhesabu wale watatu kama watu sita: saba na sita ni kumi na tatu, na mikate 100 inagawanywa kwa 13. Mtu wa kawaida anapata mikate 7 na sehemu 9 za kumi na tatu, na mkubwa anapata mara mbili yake. Hiyo 13 ni ndugu wa 54 yetu. Miaka zaidi ya 2,000 baadaye, yapata mwaka 820, al-Khwarizmi aliandika mjini Baghdad kitabu ambacho neno “al-jabr” katika jina lake ndilo lililotupa aljebra. Humo kuna swali la kibarua anayelipwa dirhamu kumi kwa mwezi: akifanya kazi siku sita apate ngapi? Siku sita ni moja ya tano ya mwezi, basi ujira wake ni moja ya tano ya dirhamu kumi, yaani mbili. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kitabu kizima hakina x hata moja. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, mpaka namba zenyewe. Herufi zilikuja karne nyingi baadaye kama mkato wa sentensi ambayo tayari ilikuwa imeeleweka. Darasani leo tunampa mtoto mkato kwanza, kisha tunashangaa kwamba hajui umekata nini.

Kwamba tatizo liko kwenye kusoma si dhana yangu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Marekani, John Clement na wenzake waliwapa wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi kazi ndogo: andika mlinganyo wa sentensi isemayo kwamba katika chuo hiki wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wao waliandika 6S = P, S ikiwa wanafunzi na P maprofesa, yaani waligeuza kinyume. Hao ni vijana walioingia uhandisi; kutatua 6S = P hakungewasumbua. Walichofanya ni kuisoma herufi kama ufupisho wa jina la kitu, “wanafunzi sita kwa profesa mmoja”, badala ya kuisoma kama idadi. Mtego huohuo umetegwa katika kila jengo linalojengwa. Sema fundi mwashi hulipwa kwa siku mara mbili ya saidia fundi. Ukiandika 2f = s, f ikiwa fundi na s msaidizi, umemfanya msaidizi ndiye tajiri. Ukisema kwa ukamilifu kwamba f ni shilingi za fundi kwa siku na s ni shilingi za msaidizi kwa siku, unaona kwamba kinachopaswa kuzidishwa kwa mbili ni kile kidogo, ili kikifikie kikubwa: f = 2s. Basi mafundi watatu na wasaidizi watano wakilipwa jumla ya shilingi 220,000 kwa siku, wale watatu wanahesabiwa kama sita, jumla ni sehemu 11, msaidizi anapata 20,000 na fundi 40,000. Ni mikate ya Ahmes imerudi, safari hii kwa shilingi.

Walimu watanijibu kwamba wana darasa kubwa, mtihani unakaribia, na kuna njia fupi inayosaidia: maneno ya dalili. Ukiona “jumla”, jumlisha. Ukiona “baki”, toa. Ukiona “kila” au “mara”, zidisha. Siwabezi. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati hutafuta chochote kitakachowavusha, na njia hiyo kweli huwavusha katika maswali mepesi. Lakini tazama inavyovunjika mara tu fumbo linapokuwa la mshahara. “Baada ya kukatwa shilingi 12,000 za mkopo, mfanyakazi alibaki na shilingi 78,000, malipo yake kabla ya makato yalikuwa kiasi gani?” Humo mna “kukatwa” na “alibaki”, dalili mbili za kutoa, na jibu linataka kujumlisha: 90,000. “Alilipwa jumla ya shilingi 90,000 kwa saa 45, kila saa ilikuwa shilingi ngapi?” Humo mna “jumla” na mna “kila”, na jibu ni kugawanya. Madhara makubwa zaidi ni tabia inayojengeka. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwahi kuwauliza watoto 97 wa shule ya msingi swali lisilo na jibu: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa jibu, kwa kuzichukua namba zilizokuwapo na kuzifanyia kitendo fulani. Walikuwa wamefundishika vizuri mno. Walikwisha jifunza kwamba fumbo ni namba zilizofichwa katika maneno, na kwamba maneno yenyewe ni ganda la kutupwa.

Saa zenyewe nazo zinataka kusomwa, na hapa msemaji wa Kiswahili ana faida na hatari kwa pamoja. Faida ni kwamba siku yetu inaanza alfajiri. Aliyeingia kazini saa 2 asubuhi akatoka saa 11 jioni amekaa saa 9, kwa kutoa tu 2 katika 11. Anayehesabu kwa saa za Kiingereza, kuanzia 8 mpaka 5, hawezi kutoa 8 katika 5 mpaka aongeze 12. Sisi tunakutana na shida hiyo kwenye zamu zinazovuka magharibi au alfajiri tu: kuingia saa 8 mchana na kutoka saa 4 usiku ni 4 ukiongeza 12 ukatoa 8, yaani saa 8. Hatari inakuja pale mifumo miwili inapokutana katika karatasi moja. Daftari la mfanyakazi limeandika “kuingia saa 2”, mashine ya mlangoni imechapa “kutoka 17:00”, na mtu anatoa 2 katika 17 akapata saa 15. Kuna pia ile nukta ya desimali. Saa 7 na dakika 30 ni saa 7.5, kwa kuwa dakika 30 ni nusu ya dakika 60; ukiandika 7.30 ukazidisha kwa shilingi 2,000, unapata 14,600 badala ya 15,000. Shilingi 400 kwa siku zinaonekana si kitu, lakini kwa siku 24 za kazi ni shilingi 9,600. Na usisahau kutoa mapumziko. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia isipokuwa akimtaka aendelee kuwapo kazini. Kwa hiyo saa 2 mpaka saa 11 ni saa 9 za kuwapo na, kwa kawaida, saa 8 za kulipwa.

Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 ndiyo inayolitoa fumbo letu kitabuni. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na kuagiza saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Lakini watu wengi hulipwa kwa mwezi, na mwezi hauna idadi kamili ya wiki. Sheria inalitatua hilo kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa idadi ya saa za kawaida za wiki. 4.333 imetoka wapi? Mwaka una wiki 52 na miezi 12, na 52 ukigawanya kwa 12 ni nne na theluthi. Zidisha 4.333 kwa 45 na unapata karibu 195. Basi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, saa yake ni 390,000 kugawanya kwa 195, yaani shilingi 2,000 zilezile za fumbo letu la kwanza. Vuka mpaka uingie Kenya, ambako agizo la jumla la mishahara lina wiki ya saa 52, na kwa hesabu ya ziada saa moja haipungui sehemu moja ya 225 ya mshahara wa mwezi. Kwa nini 225? Kwa sababu 52 mara nne na theluthi ni 225 na kitu kidogo. Nchi mbili, namba mbili zinazoonekana kama zimeokotwa, na nyuma yake sentensi moja. Anayeijua sentensi hahitaji kuzikariri.

Kuna pingamizi zito kuliko la walimu: kwamba vibarua wengi wa Afrika Mashariki hawalipwi kwa saa kabisa, hulipwa kutwa au kwa kipande, kwa hiyo mafumbo haya ni ya maisha ya watu wengine. Ni kweli kwamba mchuma chai hulipwa kwa kilo na mpakiaji mchanga kwa lori. Lakini mlinganyo haujali kama unahesabu saa, kilo au malori. Bei ya kimoja mara idadi ni malipo, na maswali ni yaleyale. Historia ya maneno yetu yenyewe inaonyesha jinsi jambo hili linavyotuhusu. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kimpatie ujira wake, kabla jina halijamhamia mtu mwenyewe. Na kipande katika mashamba ya Tanganyika ya kikoloni kilikuwa kadi ya siku 30. Kila siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama, na malipo yalitoka alama zote 30 zilipokamilika. Watu waliuita huo mshahara wa mwezi, ila haukuwa mwezi wa kalenda. Anayejaza kadi kwa siku 40, kwa sababu ya Jumapili, ugonjwa na mvua, kila siku aliyoishi na kula imempatia robo tatu tu ya kile anachodhani ni ujira wake wa kutwa, maana 30 kwa 40 ni robo tatu. Chakula kililiwa siku zote 40. Swali “namba hii inahesabu nini?” lingeuweka wazi utaratibu ule: 30 ilihesabu alama, haikuhesabu macheo.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na x wakati simu ina kikokotoo na ofisi ina programu ya mishahara. Wapo pia watakaosema kwamba watu wenye akili ya sokoni huhesabu vizuri bila herufi yoyote, na ushahidi wanao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazili, ulionyesha kwamba wakiwa kwenye biashara yao walipatia asilimia 98 ya hesabu. Zilipogeuzwa mafumbo ya karatasini walipatia 74. Zilipobaki namba tupu walipatia 37. Mimi nauona ushahidi huu ukiwa upande wangu. Kadiri maana ilivyoondolewa ndivyo watoto walivyoanguka, na hilo ni hoja ya kuirudisha maana darasani. Ndiyo maana kijana wa Tanzania, aliyesoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi kisha akakutana na milinganyo kwa Kiingereza sekondari, angefaidika sana kama angeruhusiwa kulisema fumbo lote kwa Kiswahili kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Kuhusu kikokotoo, kinajibu kile ulichokiuliza. Hakiwezi kukuambia kisichojulikana kiko wapi, na katika karatasi ya malipo hilo ndilo swali gumu.

Tumtazame yule mwenye shilingi 390,000 kwa mwezi. Daftari lake linaonyesha saa 16 za ziada. Kwa saa ya shilingi 2,000, saa ya ziada ni 3,000, na alitarajia 48,000 juu ya mshahara. Karatasi yake inaonyesha malipo ya ziada ya 39,000. Pungufu ni 9,000, lakini pungufu pekee halisemi limetoka wapi. Basi aiweke x mahali panapotofautiana, mara tatu. Kwanza, huenda saa zilizoandikishwa ni chache: 3,000x = 39,000, na x ni saa 13, yaani saa tatu hazikufika kwenye orodha. Pili, huenda kilichopungua ni ile mara moja na nusu: 16 × 2,000 × x = 39,000, na x inatoka 1.21875, namba ambayo hakuna mhasibu angeichagua. Tatu, huenda saa 16 na mara moja na nusu ziko sawa, ila mshahara wa mwezi umegawanywa kwa namba nyingine: (390,000 ÷ x) × 1.5 × 16 = 39,000, na x inatoka 240 kamili. Na 240 ni siku 30 mara saa 8, kana kwamba mfanyakazi huyu hana siku ya mapumziko mwezi mzima. Jibu la kwanza linamtaka aende kwa msimamizi wa zamu na daftari lake la kuingia na kutoka. Jibu la tatu linamtaka aende kwa mhasibu na kumwuliza ni kwa nini mwezi wake umehesabiwa saa 240 badala ya 195.